Jaketi Kwenye Kiti cha Uwanja wa Ndege

Alhamisi, mwezi wa saba. Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hapa Kimumu, kando ya Eldoret, mpaka nikisimama mlangoni silioni lango letu. Mvua haikunyesha, lakini mabati yalikuwa yakidondosha maji kama yamenyeshewa usiku kucha. Baridi ile inayoingia kwenye vidole. Nikajiambia, ukungu ukiwa hivi hapa, huko uwanja wa ndege utakuwa umekaa zaidi, na pengine ndege haitaruka, na ndege isiporuka sijui kama wataturuhusu kuingia kule ndani abiria wanakongojea. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kuruka kwenyewe hakukunihusu. Sikuwa nasafiri.

Nieleze vizuri, kwa sababu nikija kusoma haya siku nyingine nitajishangaa.

Mdogo wangu alikwenda Ghuba kufanya kazi ya ulinzi. Hakumaliza mkataba. Alilala, hakuamka. Ndivyo tulivyoambiwa, na sina sababu ya kusema waliotuambia walidanganya. Aliyepiga simu alikuwa Mkenya mwenzake, walikuwa wakilala chumba kimoja. Alilia kabla hajasema kitu, kwa hivyo nilijua. Baadaye kukawa na karatasi, na simu nyingine, na kungoja, halafu tukaambiwa ameshazikwa huko huko. Waliomzika walikuwa watu wasiomjua, lakini walimzika, na hilo pia nalisema. Wangeweza kumwacha.

Mama yetu anaishi kwangu, kwenye ploti aliyoinunua baba, na baba mwenyewe amelala hapo karibu na ua. Tangu habari ile ifike, kila jioni mama alikuwa akipakua sahani ya mdogo wangu kabla ya kugusa yake. Anaifunika na sahani nyingine, anaiweka mwisho wa meza pale alipokuwa akikaa, halafu anangoja. Hali mpaka aone kama mwenye sahani atakula. Chakula kikishapoa anasema hana njaa tena. Anakunywa chai, analala. Asubuhi kuku ndio wanaokula. Mke wangu alijaribu kupika hiki, akajaribu kile. Alijaribu hata ukali. Mama alikuwa mtu wa mwili, na sasa pete yake ameizungushia uzi ili isidondoke kwenye maji ya kuosha vyombo. Daktari alimpima akasema hana ugonjwa, ale tu. Mama akamjibu, "Nitakula mtoto akifika."

Kwetu magharibi, tulikotoka, mtu akifia mbali huendewa. Mtu wa damu yake huchukua nguo yake, akaenda nayo mahali alipoonwa mara ya mwisho akiwa na wa kwao. Humwita kwa jina. Humwambia umekufa, inuka twende nyumbani. Akishaitwa hupewa nafasi ya kukaa kama mtu yeyote, na njiani huambiwa sasa tunavuka mto, sasa tunapinda kushoto. Aliyekwenda kumchukua, wakishaondoka, hasalimii wala hasemi na mtu, na hageuki nyuma. Asipoendewa, mama anasema, hajui kwamba amekufa. Anadhani bado yuko safarini. Anakaa pale pale akingoja kuitwa apande.

Mimi sijui kama naamini. Nilimwuliza mchungaji wetu, akaniambia kwa upole kwamba roho haihitaji nauli. Nilidhani amemaliza. Halafu akaniuliza mama anakula vipi siku hizi. Nilipomweleza, akasema, "Nenda. Lakini uombe pia." Baba mdogo naye alibishana na mama kwenye simu kwamba mahali pa kwenda ni Nairobi, kwa sababu huko ndiko alikokanyaga udongo wetu mara ya mwisho.

"Huko Nairobi nani alimwona?" mama akamwuliza. "Wewe ulimwona?"

"Sikumwona, lakini..."

"Basi."

Aliyemwona mwisho ni mimi. Nilimsindikiza mpaka mlango wa uwanja wa ndege hapa Eldoret. Angeweza kwenda Nairobi kwa basi kama watu wote, lakini alisema siku ya kwenda ng'ambo hapandi basi akalaliwa begani na mtu asiyemjua. Pale mlangoni alivua jaketi yake, ile ya kijani ya mitumba, ambayo zipu yake ilikufa nikamwekea ya makochi kwa cherehani yangu. Mimi hutengeneza makochi kule Huruma. Zipu ile ni nzito kuliko jaketi yenyewe.

"Shika," akaniambia. "Huko ni jua tupu, nitaivalia wapi? Nikirudi nitashukia hapa hapa. Uje nayo, usiniache nipigwe na baridi."

Nikaichukua. Bila tiketi huvuki ule mlango, kwa hivyo niliishia hapo. Baada ya muda mfupi akanitumia picha akiwa ndani, ameketi na shati tu, amejikumbatia mikono, anacheka. Nyuma yake kuna nguzo yenye soketi, na kando ni dirisha kubwa. Chini ameandika, *Ona mkubwa wako.* Yeye ndiye mdogo, lakini alikuwa akipenda kusema hivyo.

Kwa hivyo mahali ni pale. Na pale huingii bila tiketi. Binti yangu anayefanya kazi Nairobi ndiye aliyenunua. Nilimweleza yote, sikumficha.

"Baba," akasema, "yaani nakununulia ndege ambayo hutapanda?"

"Ndiyo."

"Cucu anakula?" akauliza. Anamwita bibi yake hivyo kwa sababu alikua na watoto wa majirani wetu wa kutoka mkoa wa Kati, na mama hajawahi kumkataza.

"Hali."

"Sawa. Lakini kazini nisisikie mtu akijua."

Tulikwenda na jirani yangu, ana duka la chakula cha mifugo, na pikapu yake ndiyo hunibebea makochi. Ni mtu wa maneno. Njia nzima alinitania kwamba mimi ni mtu wa kwanza Uasin Gishu kwenda uwanja wa ndege na tiketi halali ili nirudi nyumbani. Sikukasirika. Nilikuwa nimeiweka jaketi kwenye magoti na nilishukuru kwamba kuna mtu anaongea.

Mlangoni walinivua mshipi na kofia. Jaketi ikawekwa kwenye karai la plastiki ikaingizwa kwenye mdomo wa mpira wa ile mashine ya kukagulia mizigo. Sikuwa nimemwita bado, kwa hivyo ilikuwa nguo tu. Hata hivyo ilipopotelea mle ndani nilikwenda upesi kuingojea upande wa pili. Askari akaniuliza, "Mzee, mzigo wako ni huu tu?" Nikasema ni huu tu.

Ukumbi wa kungojea ulikuwa na watu wengi kwa sababu ya ukungu. Ndege haikuwa imefika. Watu walikuwa wamechoka, wengine wamelala wameegemea mikoba. Kitu cha kwanza nilichokiona, na nadhani ni kazi yangu ndiyo iliyonifanya nikione, ni kwamba viti si vile. Kwenye picha mdogo wangu amekalia kiti cheusi, na pale mkono wake unapoishia sponji ya manjano imechungulia. Viti vya siku hiyo vilikuwa vya rangi ya kahawa na vizima. Nikasimama na jaketi yangu kama mtu aliyebisha nyumba ikafunguliwa na wageni. Nilitaka kutoka. Nilijiambia, kiti chenyewe kiko wapi sasa? Kimetupwa, kimeuzwa, pengine kimekaliwa na mtu ofisini hajui lolote. Na kama mdogo wangu alikuwa bado amekikalia walipokibeba?

Halafu nikaiona nguzo. Na soketi yake.

Kwenye kiti cha karibu na soketi aliketi msichana, mwanafunzi kwa jinsi nilivyomwona, amevaa zile spika za masikioni, simu yake inachaji. Nilisimama mbele yake mpaka akatoa spika moja.

"Naomba nikae hapo, mwanangu."

Akaangalia viti vingine. "Mzee, si kuna nafasi huko? Mimi niko na chaji kidogo sana."

"Chaji endelea. Ni kiti tu."

"Simu yako nayo iko wapi, tushare hii soketi?"

Nikamwonyesha mulika mwizi yangu, kale kasimu ka tochi, akacheka, si kwa dharau. "Hiyo hata hufai kuwa na wasiwasi. Hiyo chaji iko mpaka Krismasi." Lakini alisogea kiti kimoja, waya wa chaja yake ukabaki umepita juu ya kile kiti kama kamba ya kuanikia nguo. Sikutaka kumsumbua tena. Nikainua waya kidogo, nikaitandika jaketi kwenye kiti, mabega yakaegemea mgongo wa kiti, mikono nikailaza pande zote mbili. Mimi nikaketi upande wa pili. Sasa jaketi ilikuwa katikati yetu.

"Ni ya nani?" msichana akauliza.

"Ya ndugu yangu."

"Ameenda kununua chai?"

"Amekawia," nikasema. Sikudanganya, nadhani. Akarudisha spika yake.

Nilikuwa nimejitayarisha. Maneno nilikuwa nimeyapanga kwa lugha ya kwetu, mama alinifundisha siku mbili. Nikainamia ukosi wa jaketi kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka, nikaita jina lake. Niliita polepole sana. Kulikuwa na bwana mwenye tai upande wa mbele akisoma simu, na mama mwenye mtoto, na niliona haya. Hiyo ndiyo kweli. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia nimekuja na jaketi kama ulivyosema. Nikamwambia twende nyumbani, mama anangoja, hali.

Lakini lile neno lingine sikulisema. Nililifikia nikaliruka. Kumwambia mtu umekufa, mahali alipokuwa amecheka namna ile kwenye picha, mdomo ulikataa. Nikajidanganya kwamba anaelewa tu. Nikakaa, nikangoja nione kama kuna kitu kitabadilika, na hakuna kilichobadilika. Ukosi ulinukia sabuni, mke wangu alikuwa ameifua. Hapo nikajiuliza kama tumeharibu, kama harufu yake ilikwenda na maji ya kufulia. Mke wangu aliifua kwa heshima, na mimi mwenyewe nilimwona akiifua nisiseme kitu.

Ukungu ukaanza kuinuka. Kupitia dirisha niliona nyasi kwanza, halafu lami, halafu watu wenye vizibao vya manjano. Ndege ikatua, ikasogea mpaka karibu. Watu wakaanza kuamka, kukunja masweta, kuita watoto. Yule bwana mwenye tai akaja mbele yangu akitafuta pa kuweka mkoba wake.

"Hapa kuna mtu?" akauliza, na mkono wake tayari unaishika jaketi begani.

"Yupo," nikasema.

Nilisema kwa haraka na kwa sauti, akautoa mkono kama aliyegusa sufuria. Akasema samahani. Nilijisikia vibaya, alikuwa na haki ya kuuliza.

Walianza kupanga mstari. Msichana alichomoa chaja yake, akakunja waya, lakini hakusimama, alikuwa akingoja mstari upungue. Nikajua huu ndio wakati wangu wa kutoka. Nikasema moyoni, amka, chukua jaketi, nenda. Na sikuamka. Niliogopa kwamba nikiamka nitakuwa nabeba nguo tu, na mama ataniona tangu langoni. Mama huniona.

Mstari ukabaki watu wachache tu. Spika ya ukutani ikakoroma, ikaita jina langu.

Ninataka kuandika hili kama lilivyokuwa. Ile spika iliita jina langu la kwanza halafu jina la baba yetu. Jina la kwanza lilipotelea kwenye ule mkoromo. Lililosikika wazi ni jina la baba. Aje mlangoni mara moja, ndege inaondoka. Wakarudia. Ni jina lake pia. Siku ile yake, pengine ndivyo walivyomwita, kwa jina hilo hilo, ukutani hapo hapo, akaamka na shati lake akaenda. Na sasa nilikuwa nimemwita mimi mwenyewe, nimemwamsha, sijamwambia kilichompata, na hapo hapo anasikia anaitwa akapande.

Sikuona kitu. Sitaki mtu aje aseme niliona. Lakini mkono mmoja wa jaketi ulikuwa umeteleza kutoka kwenye kiti ukaning'inia upande wa mlango wa kuondokea. Nguo huteleza, na kiti kile kilikuwa cha ngozi bandia, na mimi nilikuwa nimetikisika. Nilijua hayo yote na nikasimama mbele ya kile kiti nikanyosha mikono pande zote mbili, kama unavyomzuia mtoto asivuke barabara.

"Usiende," nikasema. "Si wewe wanayemwita. Ni mimi. Wewe keti. Wewe umekufa, mdogo wangu. Ulikufa huko ukiwa umelala. Walikuzika. Usipande tena, twende nyumbani."

Nilidhani nasema kwa lugha ya kwetu. Nilipofika mwisho ndipo nilipojisikia, na nilikuwa nasema Kiswahili, kwa sababu ndicho mimi na yeye tulichokuwa tukisemezana tangu utoto, hapa Eldoret, kwenye mpira, kwenye ugomvi, kwenye kila kitu. Na si kwa sauti ndogo. Waliobaki wote walisikia. Mama mwenye mtoto alikuwa ameshatoka, namshukuru Mungu.

Msichana alikuwa ametoa spika zote mbili. Alikitazama kiti kile, halafu waya aliokuwa ameukunja mkononi, halafu kiti tena. Akasema kidogo tu, "Pole." Hakuniangalia mimi akisema. Akachukua begi lake akakizunguka kiti kwa mbali, akapitia nyuma ya nguzo, akaenda kupanda.

Mwanamke mwenye sare akaja, yule aliyekuwa akikagua karatasi mlangoni. Alikuja kwa hasira, na alikuwa na sababu, ndege nzima ilikuwa inaningoja.

"Mzee, ni wewe tunaita? Hebu twende."

"Ni mimi. Sipandi."

"Hupandi? Kwani ni nini? Umeogopa?"

Bwana mwenye tai aligeuka kutoka mlangoni akasema, "Mwacheni mzee, mara ya kwanza huwa hivyo," watu wawili watatu wakacheka. Ningeweza kuwaeleza. Nikawaacha waseme hivyo, ilikuwa rahisi kwetu sote. Yule mwanamke alitazama jaketi pale kitini. Alikuwa mtu mzima, wa umri wa mke wangu, na alipoongea tena na wenzake kwa redio, nilisikia matamshi ya kwetu kwenye Kiswahili chake. Aliwaambia abiria mmoja hasafiri, hana mzigo, wafunge.

"Basi nikutoe nje," akaniambia. "Hapa mtu hatoki mwenyewe."

Nikainua jaketi. Sikuikunja. Niliishika mabegani, mbele yangu, hivyo hivyo ilivyokaa. Nikanong'ona, tunatoka sasa. Tulipofika kwenye mlango yule mwanamke alitumia kadi yake ukafunguka. Akatoka, akausimamia. Mimi nikapita. Akabaki ameushika. Nilikuwa nimeshafika mbele na sikugeuka, lakini mlango ule una sauti ukijifunga, na sauti ile haikuja mpaka baadaye, muda unaotosha mtu mwingine kupita bila haraka. Labda alikuwa anaangalia kama nimesahau kitu. Labda alikuwa anajibu redio. Sikumwuliza, kwa sababu sikutakiwa kusema na mtu. Hata asante sikumwambia, na hilo linaniuma.

Nje jirani yangu alikuwa amelala kwenye pikapu. Nikafungua mlango, nikaingia mpaka katikati, miguu imebanana na gia, jaketi nikaikalisha dirishani.

"Fundi, si ukae vizuri?" akasema akijinyosha. "Nafasi yote hiyo, umenikalia gia."

Nikamwangalia. Nikatikisa kichwa.

"Sasa huyo naye atalipa nusu ama ni..." Akaacha hapo. Ni mtu wa utani lakini si mtu mbaya. Akaivua kofia yake akaiweka kwenye dashibodi, akazima redio. Kutoka hapo mpaka mjini hakusema neno, na sijawahi kumwona hivyo miaka yote tuliyojuana.

Mimi ndiye niliyesema. Tunaacha uwanja wa ndege. Tunapanda kilima. Sasa tunaingia mjini, wamejenga hapa tangu uondoke, hukuijua hii. Tunavuka mto, Sosiani, maji ni machafu kama kawaida. Nilipokuwa nikisema niliona kioo cha upande wa jaketi kimefunga ukungu, mvuke wa mtu anapopumua, na kioo cha dereva ni safi. Nikautazama ule mvuke mpaka Kimumu. Ni haki niseme kwamba kile kidude cha hewa moto upande ule kiliharibika zamani, na jirani alikuwa ameteremsha kioo chake kidogo.

Ila kuna wazo lililonipata pale darajani, na bado ninalo. Ni wangapi wamekalia viti vya ukumbi ule wakaondoka wakicheka, wakapiga picha, na hawakurudi, na kwao hakuna aliyetumwa kuwachukua? Mimi niliita kwa jina, ndiyo, mara ya kwanza. Lakini mara ya pili, ile ya kelele, jina sikulitaja. Nilisema wewe. Nilisema umekufa, usipande, twende nyumbani. Sijui nani wote walisikia. Nikainama nikasema tena jina lake kamili, kwa sauti, na kijiji chetu, na jina la mama, ili kama kuna mwingine ajue tunakwenda kwa nani na ashuke kama si kwao. Jirani yangu aliona nikifanya hivyo akapunguza mwendo karibu kusimama. Baadaye nikajiuliza kama alipunguza kwa sababu ya tuta.

Mama alikuwa langoni kwenye kigoda, amejifunika shuka. Alikuwa amefungua lango lote, pande zote mbili, ambalo huwa tunafungua makochi yanapopita tu. Hakunisalimu wala mimi sikumsalimu. Nilipita na mdogo wangu mpaka kwenye kaburi la baba pale uani, nikamwambia baba tumefika, halafu nikaingia ndani nikaitundika jaketi kwenye msumari wake.

Mama akaja nyuma yangu akashika mlango.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia kwamba amekufa?"

Hapo ndipo nilipoona alikuwa akijua tangu mwanzo ni neno gani litanishinda. "Nilimwambia, mama."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alitulia."

Akaketi kwenye kitanda cha sebuleni akalia. Tangu ile simu alikuwa hajalia hata siku moja, sisi sote tulilia mbele yake naye akitupa maji. Alilia kwa muda, mke wangu akakaa karibu naye, na mimi nikatoka nje kumshukuru jirani, ambaye alikataa kuingia. Alisema ataingia siku nyingine, leo mna mgeni.

Jioni mvua ikaja yenyewe, ile ya mawe madogo. Mke wangu alisonga ugali, na mboga ilikuwa kunde iliyochanganywa na mrenda, na omena iliyokaangwa na nyanya, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiipenda mdogo wangu. Sisi wengine tulingoja tuone. Mama alichukua mwiko. Akampakulia mke wangu, akanipakulia mimi, akajipakulia. Akaweka mwiko chini.

Mke wangu akamwuliza polepole, "Mama, na ile sahani nyingine?"

"Ya nani? Amefika kwao," mama akasema. "Atajipakulia."

Akanawa mikono akala. Alikula tonge baada ya tonge, akaongeza mboga, akaongeza na omena, uzi kwenye pete yake ukalowa mchuzi. Nilikuwa na furaha ambayo sijui nitaisema vipi, na huku nikila nilikuwa nimeupa mgongo ule msumari na sikutaka kugeuka. Mke wangu alipotaka kufunika sufuria mama alimzuia. Ulibaki ugali wa kumtosha mtu mmoja, na omena kidogo pembeni, na kama ni watu wawili wamekuja hautatosha.